Kutafuta seli ambayo haijaguswa: shajara ya mradi wa vipokezi vya kotisoli, Kisumu

9 Februari

Kibali cha kamati ya maadili kimefika leo, baada ya maombi yetu kurudishwa mara mbili kwa sababu ya fomu ya ridhaa. Mara ya pili walitaka neno "kipokezi" lielezwe kwa namna ambayo mama anayeuza omena sokoni Kibuye angelielewa. Nilinung'unika, lakini walikuwa na haki. Nilipokaa kuliandika ndipo nilipojua kwamba nusu ya maelezo yangu yalikuwa ya kukariri.

Niliandika hivi: "Mwili ukipata shida, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga kotisoli kwenye damu. Kotisoli huzunguka kila mahali, lakini seli haiisikii mpaka iwe na sikio la kuisikilizia. Sikio hilo ndilo kipokezi. Tunataka kujua seli nyeupe za damu yako zina masikio mangapi, na ni nini huyafanya yaongezeke au yapungue." Wakapitisha.

Kwa sisi wa maabara, habari ina vipande zaidi. Kipokezi cha glukokotikoidi, yaani homoni za jamii ya kotisoli, hakikai juu ya utando wa seli kama kile cha adrenalini. Kotisoli ina asili ya mafuta, hupenya utando bila kubisha hodi, na kipokezi huisubiri ndani, kwenye saitoplazimu, kikiwa kimeshikiliwa na protini walezi, HSP90 na wenzake. Kotisoli ikikishika, kinaingia kwenye kiini cha seli, kinakaa juu ya DNA na kuanza kuamuru: jeni hizi ziwashwe, zile za uvimbe zinyamaze. Jeni inayokitengeneza inaitwa NR3C1, iko kwenye kromosomu ya 5, na mfuatano wake ulisomwa mwaka 1985.

Mpango ni mwepesi kwenye karatasi. Tuchukue damu ya wafanyakazi na wanafunzi waliojitolea, tutenge seli nyeupe, nusu tuziwekee deksamethasoni, dawa inayofanana na kotisoli lakini hukishika kipokezi hicho kwa nguvu zaidi, nusu tuziache kama zilivyo. Kisha tulinganishe. Hizo "zilizoachwa kama zilivyo" nimezipigia mstari kwenye daftari. Ndizo kipimo chetu cha kuanzia.

16 Februari

Siku ya kwanza ya kutenga seli. Aibu tupu.

Damu iliyopunguzwa makali kwa maji ya chumvi humwagwa polepole juu ya kimiminika chenye uzito wa gramu 1.077 kwa mililita. Ukizungusha kwa nguvu ya mara 400 ya mvuto wa dunia kwa dakika 30, seli nyekundu na aina moja ya seli nyeupe, nyutrofili, huzama chini, na seli nyeupe za aina nyingine, limfositi pamoja na monositi, hubaki katikati kama utando mwembamba wa ukungu. Huo ukungu ndio mali. Mimi nikasahau kuzima breki ya mashine. Ilisimama kwa ghafla, tabaka zikachafuka, na ukungu wangu ukawa uji wa waridi.

Fundi wetu wa maabara, mzee aliyezungusha damu tangu kabla sijaanza shule, alitazama tyubu akanitazama mimi. "Binti," akasema, "hii haisimamishwi kama matatu ya Kondele."

Tyubu za pili breki nilizima, na bado seli zilikuwa chache. Hapo tatizo lilikuwa joto. Kile kimiminika kimepimwa uzito wake kwa nyuzi 20 hivi, na chumba chetu saa tisa alasiri, dirisha likitazama ziwani na hakuna upepo, kilikuwa na nyuzi 29. Kikipata joto kinakuwa chepesi, na baadhi ya seli zilizopaswa kuelea zinapita kwenda chini. Kuanzia kesho tunazungusha asubuhi tu, na mashine inapoozwa mapema.

17 Februari

Ukungu safi. Sina la ziada.

26 Februari

Leo tumepata alama yetu ya kwanza inayoaminika, nami nataka kuieleza kwa utulivu kwa sababu ndiyo uti wa mgongo wa mradi.

Njia moja ya kujua kama kipokezi kinafanya kazi ni kuuliza jeni zinazokitii. Tulichagua FKBP5. Seli zikipata deksamethasoni kwa saa 3, jeni hiyo hupaa. Kwenye mashine ya PCR (ile ile ambayo tangu Korona hata bibi yangu anaijua kwa jina) mstari wa seli zenye dawa uliibuka mizunguko mitatu kabla ya ule wa seli zisizo na dawa. Kila mzunguko mashine huzidisha nakala za jeni kwa mbili, kwa hiyo ni kama mara 8.

Lakini FKBP5 si shahidi tu, ni mshitakiwa pia. Protini inayotoka kwenye jeni hiyo, FKBP51, hurudi kwenye saitoplazimu na kujibandika kwenye kipokezi kile kile pamoja na HSP90. Ikiwa imekaa pale, kipokezi hakiishiki kotisoli vizuri, na hata kikiishika hukawia kuingia kwenye kiini. Ili kiende lazima FKBP51 iondoke na nafasi yake ichukuliwe na ndugu yake FKBP52, ambaye hukiunganisha na mota za seli zinazovuta mizigo kuelekea ndani. Basi tazama mzunguko: homoni inakiamsha kipokezi, kipokezi kinawasha FKBP5, FKBP5 inakifunga kipokezi breki. Seli inajiziba masikio yenyewe baada ya kusikia kelele.

Wapo kima wadogo wa Amerika Kusini wenye kotisoli nyingi mno kwenye damu, kiasi ambacho mtu angeugua vibaya, na wao wanaruka matawini bila neno. Seli zao zimejaa FKBP51. Nilipomsimulia fundi wetu alisema hata Kisumu wako watu wa namna hiyo, wengi wao madereva.

5 Machi

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa na hasira.

Tumerudia jaribio kwa watu wanne. Kwa wawili FKBP5 ilipanda vizuri. Kwa wengine wawili ilipanda kidogo tu. Nikakimbilia hitimisho tamu kwamba hao wawili wana ukinzani wa glukokotikoidi, yaani seli zao haziisikii homoni, nikaanza hata kuandika aya ya kwanza ya ripoti. Msimamizi wangu akaniuliza swali moja tu: "Hizo za bila dawa zilikuwa na kiasi gani?"

Zilikuwa juu tayari. Deksamethasoni haikuwa na pa kuzipandisha.

Siku mbili tulitafuta. Tulishuku etanoli tuliyoyeyushia dawa; hapana, seli za bila dawa zilipewa etanoli ile ile kwa kiasi kile kile. Tulishuku kutengwa kwenyewe. Mwishowe fundi akachukua chupa ya serumu tunayolishia seli, akaitikisa mbele ya uso wangu na kuuliza imetoka wapi. Imetoka kwenye damu ya ndama walio tumboni. Na damu ya ndama ina homoni za ndama, zikiwemo steroidi, jamii ambayo kotisoli ni mojawapo. Seli tulizoziita "zilizoachwa kama zilivyo" zilikuwa zikiogelea kwenye homoni tangu dakika ya kwanza. Wale wawili walioonekana wazuri walilishwa kutoka chupa ya zamani. Wale "wakinzani" walipata chupa mpya. Ukinzani ulikuwa kwenye friji.

Dawa yake inajulikana na ilikuwa kwenye vitabu siku zote: serumu iliyochujwa kwa makaa. Unga wa makaa yaliyosafishwa hunasa steroidi na kuacha sehemu kubwa ya protini. Tumeagiza. Kijana wa stoo aliposikia "makaa" aliuliza kwa nini tusinunue gunia pale Kibuye tukaokoa fedha.

Ile aya ya ripoti nimeifuta.

12 Machi

Stima ilipotea saa saba usiku, jenereta ikawaka baada ya dakika nyingi kuliko inavyopaswa. RNA ya watu wawili kwenye friza, zile nakala za jeni tunazopima, imeharibika. Tutawaomba damu upya. Mmoja ameshasema anataka chai na mandazi safari hii, si biskuti.

24 Machi

Serumu iliyochujwa imefika, na dunia imebadilika. Kiwango cha kuanzia kimeshuka, na watu wote wanaitikia deksamethasoni, kila mtu kwa kiasi chake.

Tumeongeza kipimo cha saa 24, na hapa NR3C1 yenyewe imeanza kusema. Baada ya saa 3 haijabadilika sana. Baada ya saa 24 ya dawa imeshuka. Hilo lilitarajiwa: kipokezi kikiwa na homoni hurudi kwenye jeni yake chenyewe na kuikandamiza, ili vipokezi vipya visitengenezwe kwa wingi. Na vile vilivyokwisha kufanya kazi hubandikwa protini ndogo ya yubikwitini, alama ya kwenda kuvunjwa kwenye proteasomu, mashine ya seli ya kusagia protini kuukuu. Kwa hiyo kuna breki tatu, kila moja na mwendo wake: FKBP51 ndani ya saa chache, kuvunjwa kwa vipokezi vilivyotumika, na kupungua kwa vipya.

Nikiwaza kuhusu kipokezi cha adrenalini nauona mwili unavyopanga kazi kwa muda. Kile cha adrenalini, beta-2, kiko juu ya utando wa limfositi, na kikisisimuliwa mfululizo huzimwa kwa dakika. Kinabandikwa fosfeti, protini ya arestini inakishika mkia, kinavutwa ndani. Adrenalini ni habari ya kufukuzwa na mbwa. Kotisoli ni habari ya mwezi mzima bila mshahara, na sikio lake hupunguzwa kwa saa na siku.

Msimamizi amenitilia maji kwenye uji tena, na kwa haki. Sisi tunapima RNA, yaani oda za kutengeneza masikio. Fomu yetu inasema tunahesabu masikio. Oda zikishuka leo, masikio ya jana bado yapo. Ameniambia nitafute njia ya kupima protini, angalau kwa watu watatu.

31 Machi

Mtu wa saba. Huyu nitamwandika kwa uangalifu, na hakuna kitakachomtambulisha isipokuwa kwamba ni mwanamume na mgongo unamsumbua.

Seli zake zilitenda kama zile za chupa mbaya. FKBP5 juu kabla ya dawa, ikapanda kidogo tu baada yake. NR3C1 chini kuliko ya wote. Nilikagua serumu, ilikuwa ile iliyochujwa. Nilikagua saa ya kutoa damu, saa mbili asubuhi kama wengine. Kwenye dodoso, mahali pa dawa, aliandika "hakuna".

Muuguzi wetu alimpigia simu, akamuuliza kwa upole, si kama polisi: "Kaka, hakuna hata kidonge cha maumivu?" Akasema kipo, kile kidogo cha chemisti cha kutuliza mgongo, ila hicho si dawa, ni cha kujisaidia tu. Alikileta. Deksamethasoni. Alikuwa akimeza kila siku kwa zaidi ya mwezi, na alifurahi kwamba amenenepa mashavu.

Kisayansi, mwili wake ulikuwa umefanya jaribio letu zima bila sisi. Hiyo ndiyo sura ya breki zile tatu zikiwa zimekanyagwa kwa wiki kadhaa. Lakini kuna upande usiochekesha. Mtu aliyekunywa steroidi kwa muda huo huenda tezi zake za adrenali zimelala, kwa sababu ubongo unaona homoni imejaa na hauzihimizi tena. Akiacha ghafla anaweza kuzirai, shinikizo la damu likashuka, hata akafa. Muuguzi alimwambia asiache leo wala kesho, akampeleka kliniki apunguziwe dozi kidogo kidogo chini ya uangalizi. Kwenye hesabu zetu ametolewa. Dodoso nimelibadilisha: halisemi tena "dawa", linauliza kidonge, sindano, pampu ya pumu, mafuta ya kupaka, na "kitu chochote ulichopewa dukani". Mafuta ya kung'arisha ngozi nayo yamo, kwa sababu baadhi yake yana steroidi kali.

9 Aprili

Swali la saa ya kutoa damu lilikuwa likinisumbua, nikajitoa sadaka mwenyewe. Saa mbili asubuhi tyubu moja, saa kumi na mbili jioni tyubu nyingine, siku tatu.

Kotisoli hufika kilele karibu na wakati wa kuamka na kushuka mpaka chini kabisa karibu na usiku wa manane. Nilitegemea FKBP5 ya asubuhi iwe juu, ikawa hivyo. Lakini tukihesabu seli zenyewe kwa darubini tuliona jambo lililonivuruga: mchanganyiko wa asubuhi si ule wa jioni. Kotisoli ikipanda, limfositi huondoka kwenye damu na kwenda kujificha kwenye uboho na kwingineko, na nyutrofili huongezeka. Ikishuka, limfositi hurudi. Basi nikisema "NR3C1 imebadilika kutoka asubuhi hadi jioni", nazungumzia seli zile zile zilizobadilika, au umati mwingine uliokuja kukaa kwenye viti vile vile?

Na halafu sindano. Mimi si mwoga wa sindano, nilidhani. Muuguzi alipima mapigo yangu kabla, yalikuwa 96. Kotisoli ya woga hufika kilele chake baada ya dakika 20 au 30 hivi, kwa hiyo mtu aliyesubiri kwenye foleni nusu saa akitazama wenzake wakichomwa anatoa damu iliyokwisha kutishwa. Tumehamisha foleni nje, chini ya mwembe.

15 Aprili

Malaria. Ilibidi niandike siku moja. Huku kwetu mtu anaweza kuwa na vimelea na asijisikie mgonjwa, na maambukizi hayo huichokoza kinga, na malaria kamili huipandisha kotisoli. Kipimo cha haraka cha kidole kwa kila mtu kabla ya kutoa damu. Mmoja amekutwa navyo, hana habari, ametoka kucheza mpira. Amepewa dawa na kuahirishwa.

28 Aprili

Kosa jingine, la kwangu peke yangu. Praima zetu za NR3C1, vipande vifupi vya DNA vinavyoielekeza PCR jeni ya kunakili, zinakamata sehemu iliyo ya aina zote za kipokezi hiki.

Jeni hii moja hutoa zaidi ya kipokezi kimoja. Inapokata na kuunganisha vipande vya RNA, seli huchagua mkia. Ikichukua mkia alfa, inatoka ile protini ya asidi amino 777 inayosikia kotisoli. Ikichukua mkia beta, inatoka protini ya 742. Zinafanana mpaka ya 727, halafu zinaachana, na huyo beta haishiki kotisoli kabisa. Hukaa kwenye kiini na kumzuia alfa asifanye kazi. Kiziwi anayewanyamazisha wanaosikia. Na ishara za uvimbe, kama TNF-alfa, humwongeza beta, jambo linalosaidia kueleza kwa nini kwa wagonjwa wengine wa pumu steroidi hushindwa pale pale zinapohitajika zaidi. Kwa kawaida beta ni kidogo sana ukilinganisha na alfa, lakini mimi nilikuwa nikiwahesabu wote na kuwaita kwa jina moja.

Praima mpya zimeagizwa, jozi moja ya alfa na jozi moja ya beta. Uzuri wake husafirishwa zikiwa kavu, kwa hiyo hata zikilala siku tano kwenye ghala la forodha hazifi.

14 Mei

Praima za alfa zinafanya kazi. Za beta zinatoa mstari mzunguko wa 34 au 35, mahali ambapo sitaki kuapa kwa lolote. Nimeandika "ipo, haipimiki kwetu".

Protini imepimwa kwa watu watatu kwa msaada wa maabara jirani yenye mashine ya kusoma seli moja moja kwa leza. Monositi ziling'aa kuliko limfositi zote, nikafurahi, kisha fundi akanikumbusha kwamba monositi zina mikono ya kushika kingamwili yoyote inayopita, hata isiyozihusu. Tukaziba mikono hiyo kwanza, tukarudia. Mng'ao ulipungua, ila bado ziko juu.

2 Juni

Tatizo la umati limebaki, na dawa yake ni kutenga aina moja ya seli. Tumeanza na seli T, aina mojawapo ya limfositi. Zina kisa chao: kwenye seli T changa za thaimasi, tezi ya kifuani zinamokomalia, na kwenye baadhi ya seli za lukemia, saratani ya damu, homoni haishushi kipokezi bali hukipandisha, seli inazidi kusikia mpaka inajiua. Ndiyo sababu mojawapo prednisoloni na deksamethasoni zimo kwenye matibabu ya lukemia ya watoto. Seli T zilizokomaa kwenye damu ya mtu mzima aliyepanda boda kuja kwetu zitaegemea upande upi baada ya saa 24? Tulipopima mchanganyiko, kushuka kwa wengi kungeweza kuficha kupanda kwa wachache.

Tunatumia sumaku. Kingamwili zenye chembe za chuma hushika kila kitu kisicho seli T, sumaku hukivuta pembeni, na seli T humiminika zikiwa hazijashikwa na chochote. Kwenye boksi wameandika kwamba hizo ni seli "ambazo hazijaguswa". Nilimsomea fundi maneno hayo kwa sauti. Alicheka mpaka akavua miwani.

4 Juni, saa nne na nusu usiku

Niko maabara na muuguzi wa zamu ambaye anadhani nimerukwa na akili. Tyubu tatu zimeandikwa jina langu na saa. Nimekaa kimya nusu saa, taa zimepunguzwa, simu nimeizima. Mapigo 68. Kotisoli yangu iko karibu na chini kabisa kwa siku hii, serumu imechujwa, mashine imepoa, breki imezimwa, nimeikagua mara mbili. Muuguzi amefunga mkono, anatafuta mshipa.

"Umeogopa?" ananiuliza.

Mapigo 81.

Naandika 81, na tunaendelea.